Mpunga Uliobaki Umesimama

Kulikuwa na wakati upande wetu wote wa Kasongo uliniita mama prezida, na sikuwa prezida wa kitu kimoja. Nilikalia kiti cha chama cha wanawake wakulima, nilikuwa katika komite ya wazazi wa shule, niliongoza kwaya ya akina mama parokiani, na mtu akifiwa mtaani kwetu mimi ndiye niliyepanga nani apike nini. Hapo sijataja mawese niliyopeleka Kabambare kila nilipopata pikipiki ya kunibeba. Nilijiona mtu muhimu. Nilikuwa pia mtu anayesahau chumvi kwenye mboga ya sombe, anayesinzia akiwa amekaa, anayewagombeza watoto wake kwa kosa la katibu wa chama.

Katikati ya vurugu hiyo nilikuwa na kitu changu mwenyewe, na nilikuwa nakiua polepole bila kukusudia.

Kilianza msimu ambao mvua na upepo vililaza shamba letu lote la mpunga zikiwa zimebaki siku chache tuvune. Aliyewahi kulima mpunga anayajua maumivu hayo. Masuke yanazama kwenye matope, yanaanza kuota yakiwa bado kwenye mabua, nusu unavuna na nusu unawaachia panya. Nilikuwa natembea juu ya mpunga ule uliolala, nimekasirika hata sijui namkasirikia nani, nikaona kishungi kimoja kando ya kisiki kimesimama wima. Mashina saba au manane. Masuke yake yalikuwa mazito, na ncha za punje zake zilikuwa na wekundu kidogo. Nilidhani kisiki ndicho kilichoyakinga, lakini nilipozunguka upande wa pili nikakuta mpunga wa kawaida nao umelala chali. Nikatoa kisu kidogo, nikayakata suke kwa suke, nikayafunga kwenye pembe ya kitenge changu.

Mama yangu mzazi alichagua mbegu namna hiyo maisha yake yote. Hakuchota mbegu kwenye gunia kama tunavyofanya siku hizi. Alipita shambani kabla ya wavunaji, akakata masuke aliyoyapenda, akayaweka kwenye uchaga wa miti juu ya jiko, moshi uyalinde na wadudu mpaka siku ya kupanda. Nilikua nikimwona akifanya hivyo na nikamwona wa zamani. Sasa nikawa nafanya kama yeye, na nilikuwa na shauku ambayo sikuwa nayo kwa kiti chochote cha uprezida.

Lakini shauku peke yake haiamii ndege. Msimu uliofuata nilipanda punje zangu kwenye kipande kidogo, mpunga ukazaa vizuri, na wiki ile punje zinapoanza kuwa na maziwa mimi nilikuwa mikutanoni. Ndege walikula zaidi ya nusu. Msimu wa pili wavunaji walinisubiri, nikawatumia ujumbe waendelee bila mimi kwa sababu kulikuwa na wageni wa chama. Wakaendelea. Wakaupura mpunga wangu kwenye turubai moja na mpunga mwingine wote. Nilipiga magoti siku nzima nikitafuta punje zenye ncha nyekundu, moja moja, huku watu wakinicheka kwa upole. Msimu wa tatu nilichelewa kupanda. Baada ya misimu hiyo yote nilibaki na kopo moja, na halikujaa.

Asubuhi niliyoamua, nilikuwa nimesimama jikoni na kopo lile mkononi, na mtu wa komite ya shule ananiita mlangoni. Nilikaa kwenye kibao nikalia, mimi mtu mzima mwenye binti aliyefikia kuolewa. Mume wangu aliingia, akaniangalia, akaenda mlangoni kumwambia yule mtu nimetoka. Kisha akarudi akakaa chini karibu na moto.

"Wewe uko mutu moja," akasema. "Hauko watu kumi. Acha zile kazi zote, ushike moja tu."

"Nishike gani?"

Alionyesha kopo kwa kidevu. "Si ndiyo hii inakuliza?"

Nilimpenda sana siku ile. Nalisema wazi kwa sababu ya yale yaliyokuja baadaye, mtu asidhani niliishi na mwanamume mbaya.

Niliachia kila kitu ndani ya mwezi mmoja. Funguo za sanduku la chama, daftari la kwaya, komite, hata mawese nilimwachia mwanamke mwingine njia yangu ya Kabambare. Nilidhani watu watanisema vibaya. Badala yake walinihurumia, tena kupita kiasi. Nikipita sokoni wananishika mkono taratibu kama yai. Mmoja aliniletea majani ya kuchemsha. Mwingine alinikataza kubeba ndoo yangu mwenyewe.

"Pole, mama prezida," akasema. "Tulisikia hauko muzima."

"Nani alisema?"

"Si baba mwenyewe. Alisema tansio ya damu iko juu sana."

Nilimngoja mume wangu nyumbani na moto kichwani. Hakukana. Aliniambia bila haya kwamba mwanamke akiacha kiti bila ugonjwa, watu wanasema mume wake ndiye aliyemkataza, na yeye hakutaka jina hilo. "Ningesema nini?" akauliza. "Kwamba muke wangu anaacha watu juu ya kopo ya mupunga?" Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikayaacha. Kwa miezi mingi nilikuwa mgonjwa wa Kasongo ambaye kila alfajiri anaonekana na jembe begani. Leo nikifikiri naona kwamba ningepaswa kukaa na jambo lile kwa muda mrefu zaidi kabla ya kucheka.

Misimu miwili iliyofuata ndiyo nafuu ya maisha yangu. Sijui kuieleza bila kuonekana najisifu. Nilikuwa naamka nikijua jambo moja la kufanya. Nililima kipande kidogo nyuma ya shamba kubwa, mbali na mpunga mwingine, nikapanda punje mbili mbili kwa kamba, nikapalilia kwa mkono. Ndege walipoanza kuja nilihamia shambani na binti yangu, tukajenga kibanda cha majani, tukafunga mikebe kwenye kamba tukawa tunaivuta kwa zamu. Binti alikuwa amemaliza shule, amekaa nyumbani anangoja kijana wake mwalimu wa Kabambare alete wazee. Aliutunza mpunga ule kama mimi. Alijifunza kuzitambua zile ncha nyekundu kutoka mbali kuliko mimi, kwa kuwa macho yake ni mapya. Tuliongea mambo ambayo hatukuwahi kuongea nilipokuwa wa watu wote. Kichwa changu kilitulia. Hata kuimba niliimba vizuri zaidi nikiwa peke yangu na mikebe ile kuliko nilivyowahi kuimba mbele ya kwaya.

Upepo ulikuja pia msimu ule wa pili. Shamba kubwa likalala. Kipande changu kikayumba, kikainuka. Mume wangu alikuja kukiona, akazunguka mara mbili, akachuma suke moja akalipima kwenye kiganja. "Huu ni mupunga," akasema. Nakumbuka alivyolisema.

Kutoka kopo moja nilikuwa nimefika kapu kubwa lililojaa hadi mdomoni. Nililiweka kwenye uchaga juu ya jiko, nikalifunika kwa majani ya mgomba yaliyokauka. Na nikatangaza sheria: hata punje moja isiliwe. Binti aliniomba tuonje, sufuria ndogo tu, tujue ladha yake. Nilimkatalia. Nilimwambia msimu ujao tutapanda shamba zima, na ndipo tutakula, na kila mwanamke wa chama nitampa kopo lake la mbegu. Kwa hiyo baada ya misimu mitano sikujua mpunga wangu una ladha gani. Nilikuwa bahili wa mbegu, nakubali, na ninaamini hivyo ndivyo mwenye mbegu anavyopaswa kuwa.

Zikiwa zimebaki wiki chache tuanze kupanda, nikaitwa Wamaza. Dada yangu mkubwa alikuwa ameanguka, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Nilikaa naye majuma matatu, nikamwosha, nikamlisha, mpaka alipoweza kushika kikombe mwenyewe. Kabla sijaondoka nyumbani nilikuwa nimemwonyesha mume wangu kapu, kama vile hakulijua. Nikamwambia moto usizimike chini yake. Akaniambia niende kwa amani.

Njia ya kurudi ilikuwa matope matupu. Tulisukuma pikipiki zaidi ya tulivyoipanda, nikafika mchana wa siku ya pili na nguo zimekauka udongo mwilini. Uani nikakuta viti vya kuazima, watu nisiowajua, na kicheko. Mume wangu alikuja haraka kunipokea mfuko. Wazee wa yule kijana wa Kabambare walikuwa wamefika juzi yake kujitambulisha, mapema kuliko walivyotuahidi, watu kumi na wawili na mama mzaa kijana akiwa mbele yao. Mambo yalikuwa yameenda vizuri, akaninong'oneza. Wamempenda mtoto. Wanangoja tu kuniona mimi ndipo waondoke.

Kwetu wakwe wa mara ya kwanza hawapewi bugali wa mihogo. Wanapewa wali, na wali mzuri, la sivyo watarudi kwao wakisema mtoto wao anakwenda kuoa kwenye njaa. Hilo analijua kila mtu kutoka hapa mpaka Lusangi. Nilinawa uso, nikabadilisha kitenge, nikasalimia wote kwa mikono miwili, nikakalishwa karibu na yule mama. Binti yangu akaniletea sahani. Hakuniangalia. Nilidhani ni haya ya bibi harusi.

Nilikuwa na njaa ya siku mbili. Nilikula. Wali ulikuwa mweupe wenye wekundu kwa mbali, punje nene zisizogandana, na harufu tamu yenye moshi kidogo nyuma yake. Sikuwahi kula wali kama ule. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya wageni, kwa furaha kabisa.

"Muchele huu mulitoa wapi?" nikauliza.

"Ku soko," mume wangu akajibu.

Yule mama wa Kabambare aliunga mkono, akasema tangu juzi anakula mpaka anaona aibu. Nikaomba niongezwe. Binti alipochukua sahani yangu nikainua macho kumwangalia, nikaona zaidi yake, kupitia mlango wa jiko uliokuwa wazi. Uchaga ulikuwa mtupu. Majani yangu ya mgomba yalikuwa yamekunjwa vizuri, yamewekwa pembeni.

Nilikuwa na wali mdomoni. Wageni kumi na wawili walikuwa wananiangalia. Nikaumeza.

Nilicheka nao mpaka walipoondoka asubuhi ya pili, nikawasindikiza hadi barabarani kama mama mwenye adabu. Kila mzee alikuwa na kifurushi chake cha mchele wa safari, kimefungwa kwa majani, na sikuhitaji kuuliza umetoka wapi. Nilisimama pale nikavihesabu vifurushi vile mpaka pikipiki ya mwisho ilipopotea. Ndipo nikarudi nyumbani na kuingia ndani tunapoweka chakula, nikakuta kile nilichokiogopa zaidi. Gunia la mpunga wetu wa kawaida lilikuwepo. Limejaa nusu na zaidi. Halikuguswa.

"Huu mulikuwa nao," nikamwambia mume wangu. "Huu ulikuwa hapa."

Alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja cha kuazima, bado amevaa shati la wageni. "Ule uko na vipandevipande," akasema. "Unatoka mweusi. Ningewapa wakwe muchele wa vile?"

"Ukawapa mbegu."

"Nikawapa ile nzuri. Ni juu ya mutoto wako, mama. Haukuona namna walikula?"

Nikamgeukia binti. Alikuwa mlangoni na ufagio. "Papa alisema niteremushe," akasema. Alitwanga mwenyewe, alfajiri, nyuma ya nyumba ya jirani, ili wageni wasisikie kinu wakauliza ni mpunga gani. Yaani walijua. Hakuna aliyekosea kapu. Yule mtoto aliyetambua ncha nyekundu kutoka mbali ndiye aliyezipepeta, na mwanamume aliyelipima suke kwenye kiganja ndiye aliyechagua. Kama wangeuona mpunga wangu ni mchezo wa mama, wangeuacha juu kule. Waliuona jinsi ninavyouona mimi, na kwa sababu hiyohiyo wakaushusha.

Sikupiga kelele. Watu hudhani mimi nina hasira za haraka, na ni kweli, kwa mambo madogo. Hili lilinikalia kifuani likakaa. Nilikuwa nimeweka chini kila kitu nilichokuwa nacho ili nishike kimoja, nao walinisifu kwa kufanya hivyo, wakanidanganyia ugonjwa, wakanivutia mikebe, halafu wakakila hicho kimoja na kunipakulia sahani. Nilimwuliza mume wangu kwa nini alisema umetoka sokoni. Akasema hakutaka kuniharibia chakula.

Siku zilizofuata nilipekua chini ya kinu cha jirani, nikachambua pumba ambazo kuku walikuwa hawajamaliza. Nilipata punje tisa zenye ganda zima, zimechafuka hata rangi ya ncha haionekani. Nilizipanda kwenye beseni bovu nyuma ya jiko. Zikaota tatu, nikazilinda kwa wavu wa kuvulia, nikazimwagilia kama mgonjwa. Zilipotoa masuke niliona ni mpunga wa kawaida. Kinu kile kinatwanga vya mtaa mzima.

Akina mama wa chama walikuja kuniomba nirudi kitini, wakisema naonekana nimepona. Nilikataa. Sikuwa na kitu mkononi tena, lakini sikutaka kuujaza mkono huo kwa vitu vya watu ili nisisikie utupu wake. Nilipanda mpunga wa gunia kama wengine. Nilipita kila alfajiri nikiangalia kama kuna shina lenye tabia yake, na mpaka sasa sijaliona. Na mume wangu nilizungumza naye kuhusu mvua, chumvi, paa. Alikuwa mwema kupita kawaida, akachota maji mwenyewe. Alingoja nisahau.

Kisha ikafika siku ya wakwe kurudi kupanga ndoa. Safari hii walikuja wachache, yule mama na kaka zake wawili. Mume wangu alikuwa amejiandaa, nyumba imepakwa udongo mweupe, kuku wameshikwa. Maneno yalipokwisha na tarehe ikakubaliwa, yule mama alisogeza kiti chake karibu na changu. Akafungua fundo la kiunoni, akatoa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, akakitandaza magotini. Kumbe yeye naye ni mkulima wa mpunga, mama yake pia alikuwa hivyo.

"Mama mukwe," akasema, "siku ile tulikula muchele hapa kwenu. Haujatoka mu kichwa yangu. Nilikula hata ule wa njia, nikatafuta kama iko punje moja yenye ganda, sikupata. Nimekuja kuomba mbegu yake. Kidogo tu. Ya kujaza hii kitambaa."

Mume wangu aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kuona anaogopa nitakachosema. Kwetu mkwe akiomba mbegu humnyimi, ni kama kumnyima maji. Aliningoja niseme imeliwa na panya, au nimeigawa, au soko lilikuwa nayo siku ile tu.

"Tulikula yote, mama," nikasema. "Hata mimi nilikula."

Hakuelewa mara moja. Alitazama kitambaa, akatazama jikoni, juu, mahali ambapo mtu yeyote aliyelelewa na mkulima hutazama. Uso wake ukabadilika taratibu. Alipogeuka hakunigeukia mimi. Alimgeukia mwenye nyumba, yule aliyemkirimu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mulitulisha mbegu?"

Mume wangu alifungua mdomo. Niliinuka, nikasema naenda kuangalia moto, nikamwachia ajibu.